Geji ya mrija au geji ya waya: niliyojifunza kwenye mlima wa Kitonga

Siku hedi (kichwa cha injini) ya mkonga wangu, Land Cruiser, ilipopasuka, mshale wa temperecha ulikuwa katikati, pale pale ulipokuwa umekaa miaka yote.

Ilikuwa mwaka 2016, saa nane mchana, napanda Kitonga nimebeba magunia ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Wanaoijua barabara ya Iringa wanajua Kitonga inavyokula injini: kona baada ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na mbele yako lori linalotambaa ambalo huwezi kulipita. Nilikuwa gia ya pili. Utingo wangu akasema, "Kaka, mbona kuna harufu tamu?" Nikatazama dashibodi. Katikati. Nikamwambia ni lori la mbele. Kona mbili baadaye mshale ukaruka hadi kwenye mstari mwekundu, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke ulikuwa umeshafunika kioo.

Hedi nyingine, gasketi, kufungua na kufunga, wiki tatu gari likiwa juu ya mawe. Faida ya msimu mzima wa nyanya iliishia pale.

Fundi wangu wa Iringa ni mzee aliyekaa miaka mingi kwenye boila za kiwanda cha chai huko Mufindi kabla ya kufungua gereji yake. Nilipomlalamikia kwamba mshale wa dashibodi ulikufa, akakataa. "Haujafa, mwanangu. Umetengenezwa ukae katikati." Akanieleza jambo ambalo kila dereva angepaswa kuambiwa siku anayopewa leseni: kwenye magari mengi, geji ya temperecha ya kiwandani imepangwa isimame pale pale maji yakiwa na nyuzi 80, yakiwa na 90, na hata yakivuka 100. Dereva hapendi kuona mshale ukichezacheza kila anapopanda kilima, basi wakaunyamazisha. Unaanza kusogea mambo yakiwa yameshaharibika. Na taa nyekundu ya oili ndiyo kabisa: nyingi huwaka presha ikishuka hadi kama theluthi moja ya baa (baa ni kipimo cha presha), yaani karibu na sifuri. Taa ile ni tangazo la msiba, siyo habari ya mgonjwa.

Nikapanda basi kwenda Dar, nikaingia Gerezani, Kariakoo, kutafuta geji mbili za kuongeza: moja ya maji, moja ya oili. Muuzaji wa kwanza akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Unataka ya mrija au ya waya?"

Wengine huziita za mekanikali na za umeme, lakini kwa mrija na waya unaelewa mara moja. Geji ya oili ya mrija inaletewa oili yenyewe. Kimrija chembamba kinatoka kwenye bloku ya injini, kinapenya bati linalotenganisha injini na kabini, kinafika nyuma ya geji, na ndani yake oili ya moto inasukuma kibomba cha shaba kilichopinda kama mundu. Ukitaka kukielewa kibomba kile, angalia mpira wa bustani uliojikunja na kulala bapa: ukifungulia maji kwa nguvu, unavimba na kutaka kunyooka. Ndivyo na kile. Kinanyooka kidogo sana, vigia vidogo vinakuza ule msogeo, mshale unazunguka. Ni ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, na mzee wangu alikuwa akiutazama kila siku kwenye boila zake za chai.

Geji ya maji ya mrija ni ndugu yake, ila haibebi maji ya rejeta kuja ndani. Ina kirungu cha shaba kinachozama kwenye maji ya injini, na mrija mwembamba uliozibwa kabisa, ndani yake kuna kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke upesi, kama etha. Maji yakipata moto, mvuke unaongeza presha ndani ya mrija, na kibomba kile kile cha Bourdon kinanyooka. Mrija huo haukatwi, hauungwi, haupunguzwi. Ukiwa mrefu kuliko unavyohitaji, unauviringisha kwa duara pana na kuufunga vizuri. Ukipasuka, kimiminika kinatoka na geji nzima ni ya kutupa.

Za waya zina sensa kule kwenye injini na waya unaokuja kwenye dashibodi. Sensa ya kawaida ni kizuizi cha umeme kinachobadilika: joto la maji au presha ya oili ikibadilika, omu (kipimo cha kizuizi hicho) zinabadilika, geji inazisoma na kuzigeuza kuwa nyuzi au baa.

Nilinunua za mrija zote mbili. Muuzaji alisema hazihitaji umeme, hazihitaji arthi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari), na zina usahihi. Hakunidanganya.

Kabla ya kufunga geji ya maji, mzee aliniita jikoni kwake. Akaweka sufuria juu ya jiko la mkaa, akatumbukiza kirungu, tukakaa kwenye vigoda tukingoja. Mshale ukapanda taratibu, 60, 75, 90, maji yakaanza kutokota kwa nguvu, mshale ukafika 95 na kusimama. Akaongeza mkaa. Ukabaki 95. Nikasema nimeuziwa geji mbovu, maji yanachemka kwa 100, hilo tulifundishwa darasa la tano. Mzee akanitazama kwa upole. "Maji ya Iringa hayafiki mia, mwanangu." Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji kwenye sufuria wazi huchemka karibu na 95. Geji ilikuwa sahihi kabisa. Ndipo nilipoelewa pia kazi ya mfuniko wa rejeta. Ule wa gari langu unashikilia presha ya baa 0.9, na presha hiyo ndiyo inayoyafanya maji yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Mfuniko ukilegea, gari linalopanda Kitonga linachemsha kwenye joto ambalo geji ingeliita salama.

Tangu siku hiyo sifungi geji yoyote bila kuipitisha kwenye sufuria.

Mwaka mmoja na zaidi nilifurahi. Niliijua injini yangu kwa mara ya kwanza. Thermostati yake, valvu inayofungulia maji ya moto kwenda kwenye rejeta, imeandikwa 82, na kweli, barabara tambarare mshale ulisimama 84 au 85. Kupanda na mzigo, 95 hadi 97. Oili asubuhi ya baridi, baa tano. Ikishapata moto na gari limesimama, baa moja na ushee. Mwendo wa barabara kuu, tatu na nusu. Namba hizi nilizishika kama waimbaji wa taarabu wanavyoshika beti. Siku oili ilipoonyesha tatu badala ya tatu na nusu, nilijua nimechelewa kubadilisha oili, na nilikuwa nimechelewa kweli.

Kisha ikaja siku ya kushuka.

Nilikuwa na matenga ya nyanya kutoka Ilula, nashuka Kitonga kuelekea Morogoro, gia ndogo, mguu ukigusa breki na kuachia. Nilihisi uvuguvugu juu ya kidole gumba. Nilikuwa nimevaa kandambili, kosa ambalo sikulirudia. Nikadhani ni maji ya kunywa yamemwagika. Kisha mguu ukateleza kwenye pedali ya klachi. Nikatazama chini: oili nyeusi, inang'aa, inatiririka kutoka chini ya dashibodi kwa mstari mwembamba kama mate ya mtoto, imeshafunika klachi na inatafuta breki. Ilikuwa ya moto lakini siyo ya kubabua, kwa kuwa mrija ule ni mwembamba na oili hupoa njiani. Nilimwambia utingo ashike taulo asugue pedali ya breki wakati mguu wangu ukiwa hewani. Akapiga magoti, akasugua, akatoa mkono, nikakanyaga, nikaachia, akasugua tena. Tulishuka hivyo hadi tulipopata pa kujibanza.

Mrija ulikuwa wa nailoni. Ulipopenya lile bati hapakuwekwa kipete cha mpira, ukasuguana na ukingo wa tundu kila injini ilipotikisika, miezi na miezi, hadi ukatoboka. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba geji haikusema kitu. Tundu dogo kiasi kile haliangushi presha ya injini kubwa kama 1HZ, dizeli ya mkonga wangu. Mshale ulikuwa bado unaonyesha karibu baa tatu wakati oili inamwagika miguuni mwangu. Ningeendelea kutazama geji badala ya kutazama mguu, ningeishia korongoni.

Ningeweza kuweka mrija wa shaba, na wapo wanaofanya hivyo. Shaba nayo hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka usipoiviringisha duara moja au mawili karibu na injini ili ipate kuchezea. Mpira uliosukwa kwa chuma ndio bora kuliko vyote viwili. Lakini uamuzi wangu ulikuwa umeshafanyika: oili yenye presha haitaingia tena ndani ya kabini yangu. Na kwa wenye magari ya petroli nasema kwa nguvu zaidi, geji ya presha ya mafuta ya mrija msiilete ndani kwa hali yoyote. Kule kinachovuja ni petroli, na wewe umekaa juu yake.

Nikahamia waya, na nikang'oa zote mbili kwa hasira, hata ile ya maji ambayo haikuwa na kosa lolote.

Hapa nilipata shule nyingine. Geji ya oili niliinunua duka moja, sensa duka jingine, kwa sababu sensa iliyokuja nayo ilikuwa na nyufa. Muuzaji akasema sensa ni sensa. Tulipowasha swichi injini ikiwa imezimwa, mshale ukapanda hadi mwisho. Tukawasha injini, ukashuka. Nikikanyaga mafuta unashuka zaidi, nikiachia unapanda. Fundi umeme alibadilisha waya mara mbili. Shida haikuwa waya. Ziko familia mbili kubwa za sensa hizi: moja huanza na omu 10 presha ikiwa sifuri na kupanda hadi 180, nyingine, ya Kimarekani, huanza na 240 presha ikiwa sifuri na kushuka hadi 33. Nilikuwa na geji ya ukoo mmoja na sensa ya ukoo mwingine, zikisoma kinyume. Mita ya omu ya bei ndogo ingenionyesha hilo pale pale dukani.

Nikapata sensa sahihi. Fundi akaizungushia tredi tepu, ile nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko minne, isivuje. Ikawa inaonyesha presha nzuri kuliko niliyowahi kuiona, baa mbili gari likiwa limesimama na injini ya moto. Nilitaka sana kuamini. Mzee alipoiona tepu akaing'oa. Sensa ya waya mmoja hupata arthi yake kupitia nyuzi za skrubu zinazogusa bloku, na tepu inaweka kizuizi pale. Ukichunguza kizuizi hicho kinafanya nini, utaogopa: kwenye sensa ya 10 hadi 180, kila omu inayoongezeka njiani inaonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Kwenye sensa ya maji, ambayo omu zake hupungua joto likipanda, kila omu inayoongezeka inaonyesha maji ya baridi kuliko yalivyo. Kutu, arthi mbovu, kiungo kilicholegea, vyote vinakudanganya upande ule ule, upande wa kukutuliza.

Na sensa yangu ya maji nilikuwa nimeifunga kwenye kiungo cha alumini kilichokatishwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta, kwa kuwa ndiyo njia rahisi, hutoboi kitu. Lakini kiungo kile kimezungukwa na mpira pande zote mbili. Arthi kitaipata wapi? Inabidi ukivutie waya wake hadi kwenye injini. Kirungu cha geji ya mrija hakina haja hiyo.

Kuanzia hapo sikuuliza tena ipi ina usahihi zaidi. Za heshima, za mrija na za waya, zote zina usahihi wa kutosha kwa dereva. Niliuliza: hii ikiharibika, itaharibika vipi, na itaniambia nini wakati huo? Geji ya maji ya mrija ikipasuka, mshale unaanguka chini kabisa na kubaki huko. Mtu mwenye macho anauona. Haina kudanganya kwa nyuzi tano au kumi kwa sababu ya kutu mahali fulani. Kinachomwagika ni matone machache ya kimiminika, basi. Geji ya oili ya mrija ikiharibika inaniletea oili kwenye breki. Geji ya oili ya waya ikiharibika inaharibu namba tu.

Kwa hiyo nilirudisha ya mrija kwenye maji. Safari hii kirungu kilifungwa karibu na makazi ya thermostati, upande wa injini, siyo kwenye mpira, maana kwenye mpira wa juu hakipati maji ya moto hadi thermostati ifunguke. Tundu la kwenye bati lilitobolewa pana la kutosha kirungu kipite, kisha likazibwa kwa mpira mnene uliopasuliwa upande mmoja.

Kwenye oili niliweka ya waya, ila yenye sensa ya waya tatu. Mmoja unaleta umeme, mmoja ni arthi yake yenyewe, mmoja unarudisha ishara. Presha ikiwa sifuri ishara ni nusu volti, ikijaa ni volti 4.5. Uzuri wake uko kwenye ile nusu volti. Waya ukikatika, geji inapokea sifuri kavu, na sifuri kavu siyo presha yoyote, ni hitilafu, nayo yangu inawaka kuniambia hivyo. Sensa haining'inii kwenye bloku. Ni nzito, na zile T za shaba, viungo vya njia tatu vinavyofungwa kwenye bloku, hukatika shingo kwa mtikisiko, hasa kwenye dizeli. Imefungwa kwenye bati la pembeni, na mpira mfupi wa presha unaileta oili kutoka kwenye T. Swichi ya taa ya kiwandani ilibaki mahali pake kwenye T ile ile. Usikubali fundi aing'oe ili apate nafasi. Na anayekufungia hiyo T awe anajua nyuzi za skrubu. Skrubu ya moja ya nane ya inchi ya Kimarekani ina nyuzi 27 kwa inchi, ya Kiingereza, inayotumika pia kwenye injini za Kijapani, ina 28. Zinaingiana mizunguko miwili mitatu kama zinapendana, halafu zinavuja au zinapasua bloku.

Mzee alinishauri kitu kimoja zaidi, nami nilikiona cha kupoteza pesa. Swichi ndogo ya joto, yenye tundu kama washa, inayobanwa na bolti kwenye chuma cha hedi yenyewe, ikiwa na king'ora ndani ya kabini. "Geji yako inapima maji," alisema. "Nani atapima siku maji hayapo?"

Jibu lilikuja mwaka jana, Kitonga tena, vitunguu tena. Napanda gia ya pili, mshale uko 96 kama kawaida. Halafu ukaanza kushuka. 92. 88. Utingo, kijana mwingine sasa, akafurahi: "Kaka, leo injini imepoa!" Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta pembeni ya barabara. Hakuna injini inayopoa katikati ya Kitonga ikiwa na magunia mgongoni. King'ora kikalia kabla sijasimamisha magurudumu. Nikazima.

Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umechanika kwenye klipu. Maji yote yalikuwa yamebaki nyuma yetu kama mstari mweusi kwenye lami, na kirungu kilikuwa kinaning'inia kwenye hewa, kinapima hewa. Tukaweka mawe kwenye magurudumu na matawi barabarani, tukakaa kivulini saa nzima bila kugusa mfuniko. Nilikuwa na mpira wa akiba chini ya kiti. Tukaufunga, tukamimina maji taratibu, tukawasha injini na kungoja viputo viishe. 84. Mzee aliikagua hedi siku mbili baadaye kwa rula yake ya chuma na taa, akairudisha rula mfukoni.

Siku ile ile ya Kitonga, saa kumi na moja jioni tulikuwa Ilula, tunashusha vitunguu, na wenye matenga ya nyanya wameshapanga foleni.